TAWI LA TUNGUU: MBU HAULIZI KADI

*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Yanatumwa kwa wanachama wote.*

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, vijana wetu na viongozi wa mashina yote.



Wengi hamkuweza kufika kwenye mkutano. Wengine mlikuwa shamba, wengine kazini mjini, na mmeomba mletewe yale niliyoyazungumza. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na maswali yaliyoulizwa pale nimeyajibu humu humu. Ni marefu, mtanisamehe. Anayesoma amsomee asiyesoma, na mwenye simu amwonyeshe asiye na simu.

Jambo lenyewe ni malaria.

Najua wapo walioguna. Mwenzetu mmoja alisema pale pale kwamba tawi lina kazi zake, na mbu wana wenyewe, wapo watu wa afya. Ni kweli mimi si daktari. Fani yangu ni hesabu, na haya ninayoyasema kuhusu ugonjwa ni yale ambayo watu wa afya wamekuwa wakitwambia miaka yote. Lakini kwa fani yangu hiyo najua kwamba deni dogo usipolilipa linakua, na anayeshtuka siku ya kudaiwa ni yule aliyelisahau. Malaria kwetu Unguja imekuwa deni dogo, na tumekaribia kulisahau.

*1. TULIKOTOKA*

Kijana wa miaka 18 aliyezaliwa na kukulia hapa Tunguu huenda hajawahi kuugua malaria hata mara moja. Mwulizeni mama yake. Atakwambieni kwamba yeye alipokuwa na umri huo malaria ilikuwa jambo la kila nyumba, na watoto wadogo walizikwa kwa homa hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 klorokwini, ile dawa chungu tuliyoizoea, ilikuwa imeshindwa. Zaidi ya nusu ya watoto waliopewa hawakupona sawasawa. Mwaka 2003 Zanzibar ikaiacha na kuanza kutoa dawa mseto bila ya malipo katika vituo vya Serikali. Baadaye, hadi kufikia 2006, vikaja vyandarua vyenye dawa kwa watoto na wajawazito, na timu za kupiga dawa kwenye kuta za nyumba.

Watafiti waliwapima watoto wa chini ya miaka 5 katika Wilaya ya Kaskazini A. Mwaka 2003 watoto 9 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria ndani ya damu. Mwaka 2006 walibaki 3 tu katika kila 1,000. Vifo vya watoto wa umri huo katika wilaya hiyo vilipungua kwa kiasi cha nusu. Kwa Zanzibar nzima, kwa miaka mingi sasa, wenye vimelea wamekuwa hawafiki mtu 1 katika kila 100.

Barabara ikijengwa tunaiona. Mtoto ambaye angekufa na hakufa haonekani tofauti na wenzake, yuko uwanjani anacheza mpira. Ndiyo maana mafanikio haya ni mepesi kusahaulika.

*2. ILISHAWAHI KUSHUKA, IKARUDI*

Hili nataka vijana mlisikie vizuri, kwa sababu halisemwi sana.

Si mara ya kwanza kwa malaria kushuka Zanzibar. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Shirika la Afya Duniani liliendesha hapa visiwani kampeni ya kuing'oa kabisa. Wazee wetu waliokuwa watoto wakati huo wanawakumbuka watu wa kupiga dawa ya DDT waliopita nyumba hadi nyumba na mabomba yao. Ilifanikiwa sana. Kufikia miaka ya mwisho ya kampeni, wenye vimelea Unguja walikuwa hawafiki watu 10 katika kila 100, na Pemba walikuwa wachache zaidi.

Mwaka 1968 kampeni ikasimamishwa. Ugonjwa ulikuwa umepungua lakini ulikuwa haujesha. Upigaji dawa ukakoma, ufuatiliaji ukalegea, na taratibu malaria ikapanda tena mpaka ikarudi pale pale ilipokuwa. Katika miaka ya 1980 ikajaribiwa kampeni nyengine kwa msaada wa Marekani. Safari hii mbu walikuwa wameshaizoea DDT, na mradi ulipokwisha, malaria ilikuwa bado ipo. Kati ya 1968 na 2003 ni miaka 35, na watoto wa miaka yote hiyo walilipia.

Msidhani ni sisi peke yetu. Sri Lanka, kisiwa kama chetu ingawa ni kikubwa zaidi, mwaka 1963 ilikuwa na wagonjwa 17 tu wa malaria nchi nzima. Wakaona wameshinda, wakapunguza kazi. Kabla ya muongo ule kwisha wagonjwa walikuwa zaidi ya nusu milioni. Iliwachukua mpaka 2016 kutangazwa kuwa hawana malaria tena. Cabo Verde, visiwa vilivyoko upande wa magharibi ya Afrika, waliimaliza ikarudi, wakaimaliza tena ikarudi, na Januari 2024 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipowapa hati.

Kwa hiyo inawezekana kuimaliza, na wenzetu wa visiwani wameweza. Lakini wagonjwa wakiwa wachache ndipo kazi inapotaka uangalifu zaidi, na ndipo watu wanapochoka. Wazee wamesema, mdharau mwiba mguu huota tende.

*3. KWA NINI NAYASEMA SASA*

Ninazo sababu tatu.

Ya kwanza, tumeshaonywa. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua kubwa, wagonjwa wa malaria Zanzibar waliongezeka kwa kasi. Hali ile ilidhibitiwa, lakini imetuonyesha kwamba mlango haujafungwa.

Ya pili ni fedha. Tangu 2006 sehemu kubwa ya upigaji dawa, vyandarua na ufuatiliaji wa wagonjwa hapa kwetu imetegemea mpango wa malaria wa Rais wa Marekani, pamoja na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lao la USAID likafungwa. Tunawashukuru kwa yaliyofanyika. Lakini wazee walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni Serikali yetu, vituo vyetu vya afya, mabaraza yetu na jirani zetu. Mwaka 1968 mgeni aliondoka na kazi ikaondoka naye. Safari hii isiwe hivyo.

Ya tatu ni damu zetu wenyewe. Mtu aliyeumwa malaria mara nyingi utotoni mwili wake hujifunza kuivumilia kidogo. Vijana wetu hawakupata fundisho hilo, na wazee wao wamelisahau. Malaria ikirudi leo haitawaona watoto wachanga na wajawazito peke yao. Mtu mzima mwenye nguvu zake inaweza kumwangusha ndani ya siku chache.

*4. MGONJWA MMOJA ANAVYOFUATILIWA*

Wapo wanaoshangaa wakiona mtu wa afya anabisha hodi, anasema katika nyumba hii kuna aliyepatikana na malaria, naomba niwapime wote. Wengine hukasirika. Nieleze kazi hiyo inavyokwenda.

Mtu akipimwa kituoni akakutwa na malaria, kituo hupeleka taarifa kwa simu. Ofisa wa malaria wa wilaya huipokea, na ndani ya siku chache humfuata mgonjwa nyumbani. Anauliza: umesafiri wiki za karibuni? Unalala kwenye chandarua? Nyumba imepigwa dawa? Kisha anawapima waliomo ndani, tone la damu kidoleni, na jibu linapatikana kwa dakika kama 15 au 20. Mwenye vimelea anapewa dawa hapo hapo.

Kwa nini apimwe asiyeumwa? Kwa sababu mtu anaweza kubeba vimelea na asijisikie chochote. Mbu akimuuma yeye, baada ya siku kadhaa anakuwa tayari kumwambukiza mwengine. Huyo asiyeumwa ndiye anayeificha malaria katika mtaa.

Na kwa nini usinunue tu dawa dukani ukanywa, yakesha? Kwanza, huenda si malaria, na ugonjwa wenyewe ukaendelea kukutafuna. Pili, hesabu zako hazikuandikwa popote. Kwetu sisi watu wa vitabu, fedha iliyotoka bila ya stakabadhi ni fedha iliyopotea. Mgonjwa asiyepimwa ni hivyo hivyo: hakuna ofisa atakayekuja, hakuna jirani atakayepimwa, na vimelea vinabaki mtaani kimya kimya. Wakati wagonjwa ni maelfu, mmoja asiyeandikwa hakubadilishi kitu. Wakati wagonjwa ni wachache, mmoja huyo ndiye anayeanzisha upya.

*5. KADI*

Sasa nafika kwenye jambo lililotufanya tupandishe sauti kidogo mkutanoni, na nitalisema kama nilivyolisema.

Sote tunajua mambo ya siasa ya Zanzibar yalivyo. Kuna nyumba hazimfungulii sheha mlango kwa sababu za uchaguzi. Kuna mtu akiona karatasi ya kuandika majina hukimbilia kudhani ni orodha ya kitu chengine. Na kuna wenzetu, wa vyama vyote na sisi tumo, ambao jina la jirani wanalipima kwa rangi ya kofia yake kabla hawajaliandika.

Mbu haulizi kadi. Anatoka nyumba ya huyu anaingia nyumba ya yule, na anaweza kuruka mamia ya mita, hata kupindukia kilomita moja. Ukipigiwa dawa nyumba yako na nyumba ya jirani yako ikarukwa, umelipia ulinzi wa nusu. Ukipata chandarua wewe na mtoto wa jirani akakosa, mtoto huyo akiugua, mbu aliyemuuma anaweza kukuambukiza wewe baada ya siku kadhaa.

Kwa hiyo msimamo wa uongozi wa tawi ni huu, na naomba usipindishwe. Mwanachama wetu anayesaidia kuandikisha nyumba kwa ajili ya vyandarua au kupiga dawa, aandike kila nyumba. Akimruka mtu kwa sababu ya chama chake, basi hajakitumikia chama chetu, na tutamwondoa katika kazi hiyo. Katika shughuli yoyote ya afya hatutavaa fulana za chama, hatutapeperusha bendera, na hatutaitaja kadi. Mhudumu wa afya wa kujitolea anayepita na simu yake chini ya mpango wa Jamii ni Afya si wakala wa mtu yeyote. Mpokeeni, mpeni kiti, mjibuni anachouliza.

Kuna jengine linalofanana na hilo. Wagonjwa wengi wanaopatikana huku kwetu huwa wamesafiri Bara siku za karibuni. Wapo waliosema mkutanoni kwamba basi dawa ni kuwaandama mafundi na vibarua wanaotoka Bara kuja kujenga huku. Hapana. Wanaosafiri ni watoto wetu wenyewe: wanaokwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa, wanaokwenda Tanga kwa mazishi, wanafunzi wa chuo wanaorudi kutoka likizo. Ukimfukuza au kumtisha fundi, atajificha na homa yake asipimwe, na utakuwa umejiletea kile ulichokikimbia. Fundi akiugua mwelekezeni kituo kilipo, kama mnavyotaka mtoto wenu aelekezwe akiwa ugenini.

*6. KUFIKA KITUONI*

Kipimo cha malaria na dawa yake ni bure katika vituo vya Serikali. Msingi huo wa matibabu bila ya malipo uliwekwa na Serikali ya Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya 1964, na Wazanzibari wengi hawakai mbali na kituo cha afya. Wilaya yetu ya Kati sasa ina hospitali yake pale Mwera Pongwe, haimlazimu mtu kila mara kwenda mpaka Mnazi Mmoja.

Lakini matibabu ya bure hayamfikii mtu aliyelala ndani kwake. Tunajua namna inavyokuwa. Mtoto anapata homa alaasiri. Mama hana nauli mkononi, anamsubiri mume arudi. Mume anarudi usiku, gari za abiria zimeshakatika. Anapewa panadoli, homa inashuka, asubuhi anaonekana mzima, watu wanakwenda shamba. Usiku wa pili homa inarudi na degedege. Malaria inataka tiba ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Hapo zimeshapita 30, na kilichokosekana ni nauli.

Ndiyo maana mkutano umekubali tuanzishe mfuko mdogo wa nauli ya dharura. Utaendeshwa hivi:

• Kila shina litachangia kwa uwezo wake kila mwezi. Hakuna atakayelazimishwa.
• Wenye gari, bajaji na bodaboda walio tayari kutoka usiku wataandikwa, na namba zao zitakaa kwa kiongozi wa shina.
• Fedha hizo ni za kumfikisha mgonjwa kituoni au hospitali. Hazikopeshwi, hazinunui dawa, na haziingii katika shughuli nyengine ya tawi hata kwa siku moja.
• Daftari nitalishika mimi, na watu wawili ambao si viongozi watalikagua kila mwezi. Tutaandika tarehe, kiasi, na wapi gari ilikwenda. Jina la mgonjwa halitaandikwa. Ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Mzee wetu mmoja aliuliza: Katibu, michango yetu imsafirishe hata asiye mwanachama? Ni swali la haki, na nilimjibu kwa adabu: ndiyo, Mzee wangu. Kwanza, jirani ana haki zake, na hilo tumefundishwa chuoni tangu wadogo, halikuletwa na siasa. Pili, hata kwa hesabu tupu ina maana. Mgonjwa asiyetibiwa, awe na kadi gani, ni hatari kwa mjukuu wako. Nauli ya bajaji ni rahisi kuliko ugonjwa wa mtaa mzima. Mzee alicheka, akasema tuendelee, na mchango wa mwanzo ukatoka mfukoni mwake.

*7. MASWALI MLIYOULIZA*

_Je, wakinipima damu wanapima na mengine bila ya kunambia?_
Kile kipimo cha kidoleni kinachofanywa nyumbani ni cha malaria. Kinasomwa mbele yako. Una haki ya kumwomba mpimaji akuonyeshe na akueleze.

_Dawa ya ukutani inaleta kunguni na inachafua nyumba._
Dawa ile imekusudiwa mbu anayetua ukutani. Ni kweli kwamba kutoa vyombo nje ni usumbufu, hasa kwa mzee anayekaa peke yake. Vijana wa tawi watajitolea kutoa na kurudisha vyombo. Baada ya kupigwa, usiipake rangi wala chokaa kuta zako kwa miezi kadhaa, utakuwa unaifunika dawa.

_Mwanamke yuko peke yake nyumbani, wanaume wa kupiga dawa wanakuja._
Ana haki ya kusema njooni wakati fulani, au kumwita jirani, msaidizi wa sheha au mhudumu wa kujitolea awepo. Asifunge mlango moja kwa moja. Apange wakati.

_Mbona tunalala kwenye vyandarua na bado mbu wanatuuma?_
Kwa sababu wapo mbu wa malaria wanaouma nje, mapema usiku, tukiwa barazani au tunaangalia mpira. Jioni vaa nguo ndefu, na watoto waingie ndani mapema. Lakini chandarua kisiachwe, kwa sababu bado ndicho kinachokulinda saa nyingi za usiku. Na kisifanywe wavu wa dagaa wala uzio wa kuku.

_Tukifagia taka malaria itaondoka?_
Usafi ni mwema kwa kipindupindu na mengine mengi. Lakini mbu wa malaria hapendi sana maji machafu ya karo. Anapenda maji yaliyotuama na yanayopigwa jua: mashimo yaliyochimbwa mchanga au udongo yakaachwa, madimbwi ya njiani, alama za magurudumu, mabonde ya mpunga kama lile la Cheju. Shimo linalofukika tulifukie. Lisilofukika tumjulishe sheha na watu wa afya, wapo wenye ujuzi wa kulitia dawa.

*8. TULIYOKUBALIANA*

1. Homa yoyote, ya mtoto au mtu mzima, ipimwe kituoni siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Tusinywe dawa ya malaria bila ya kipimo. Tukipewa dawa tuimalize, hata kama homa imeondoka siku ya pili.

2. Aliyetoka Bara au nchi nyengine akapata homa ndani ya wiki chache, amwambie daktari kwamba amesafiri. Asisubiri aulizwe.

3. Mjamzito aanze kliniki mapema na alale kwenye chandarua kila siku. Malaria humpunguzia damu yeye, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo.

4. Zikionekana dalili hizi, ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana: degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila anachokula, mtoto kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, au mkojo wa rangi ya kahawa. Piga simu kwa kiongozi wa shina, nauli ipo.

5. Ofisa wa malaria na timu ya kupiga dawa wapokelewe katika kila nyumba ya mwanachama wetu bila ya ubishi. Penye jirani anayekataa kwa sababu za siasa, aende mtu anayesikilizana naye, wa chama chochote, akamtoe wasiwasi.

6. Uongozi wa tawi utamwandikia diwani na mwakilishi wetu kuwaomba waulize mambo mawili na watuletee majibu kwa maandishi: bajeti ya Serikali yenyewe kwa ajili ya malaria ni kiasi gani baada ya misaada kusimama, na vipimo na dawa vimekosekana siku ngapi katika vituo vya wilaya yetu. Viongozi tuliowachagua tuwaulize. Kuuliza hakumpunguzii mtu utiifu kwa chama, na bajeti ni fedha yetu.

Kwa viongozi wa mashina: Masika haiko mbali. Kabla ya Ijumaa ijayo naomba kila mmoja anitumie vitu vitatu kwa ujumbe: majina ya vijana wawili wa kusaidia kutoa vyombo, namba ya gari au bajaji moja ya usiku, na mahali palipo na mashimo ya maji katika shina lake. Nitakayemkosa nitampigia, na nikimkosa kwenye simu nitakuja mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awalinde watoto wetu, na atujaalie tuwe majirani wema.



Katibu wa Tawi
Tunguu, Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja

_Ujumbe huu unaruhusiwa kupelekwa kwa yeyote, awe mwanachama au asiwe._